Maji Yanayodondokea Ndani

Mafundi siwapendi, nianze na hilo. Fundi wa mji huu ukimwita saa mbili anafika saa nane, akifika anaomba maji ya kunywa, akishakunywa anakuambia kwamba aliyekufanyia kazi mwanzo alikuwa hajui kitu. Nimekaa mapokezi kwenye kliniki ya Daktari Clementi, hapa Iringo, Musoma, mwaka wa tisa sasa. Nimepokea mafundi wa umeme, wa mabomba na wa mabati, na wote kesho yao haifiki. Kwa hiyo siku nilipomwambia daktari, "Yupo fundi wa AC namjua, ni mwanamke, na huyo anakujaga saa aliyosema," nilijishangaa mwenyewe. Nilikuwa nimemdhamini mtu kwa jina langu.

Mtu huyo ni Adventina, ila mtaani anaitwa Mama Balta, kwa mtoto wake wa kwanza Baltazari. Tunasali jumuiya moja. Kwao ni Mugango. Alipokuwa msichana alipata kibarua cha kuosha trei katika kiwanda kimoja cha samaki hapa mjini. Wenzake walilalamika baridi ya vyumba vya kuhifadhia minofu. Yeye akawa anauliza baridi hiyo inatengenezwaje. Mafundi wa kiume walimcheka, wakachoka kumcheka, mwishowe wakamwachia ashike spana. Kiwanda kilipopunguza watu alikwenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti, akafungua kibanda cha kutengeneza friji. Mpaka leo wateja wanafika pale wanamwuliza, "Fundi yuko wapi?" Anawajibu, "Ametoka kidogo." Anaingia ndani, anavaa ovaroli, anatoka tena: "Haya, amerudi."

Mwaka huu daktari alileta mashine ya utrasaundi, ile ya kuangalia mtoto tumboni. Chumba kilichokuwepo ni cha upande wa jua la jioni, kinawaka kama tanuri, na mashine ile haitaki joto. Akapata kiyoyozi cha dirishani, kile cha kasha moja ambacho mgongo wake unabaki nje ya ukuta na uso wake unakuwa ndani. Akamwita Mama Balta, akamwambia mbele yangu, "Fundi, nifungie hii. Ikitulia, za Bunda zote ni zako."

Bunda daktari anajenga kliniki kubwa zaidi, vyumba vinane, na kila chumba kitakuwa na kiyoyozi chake. Kwa mwanamke aliyezoea kutengeneza friji za bucha na za baa, moja leo na nyingine wiki ijayo, kazi ile ilikuwa mlango. Akiimaliza vizuri, hakuna mtu kuanzia Musoma mpaka Bunda angemwuliza tena fundi yuko wapi. Niliona mikono yake ikijifuta kwenye ovaroli ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Shida ikaja kwamba ukuta ulihitaji kutobolewa, na mwashi aliyekuwepo kazini, akipiga lipu ukuta wa nyuma, alikuwa Mzee Wanzagi wa Butiama. Mzee Wanzagi ndiye baba mzazi wa Fredi, na Fredi ndiye mume wa Mama Balta.

Katika ukoo ule heshima ya baba mkwe na mkamwana hailegezwi hata kidogo. Hawapeani mkono. Hawakai benchi moja. Mmoja akiwa chumbani, mwingine haingii. Neno halipiti kati yao moja kwa moja. Likiwepo la kusema, anatafutwa mtu wa kulibeba. Fredi angelibeba, lakini Fredi yuko Kiabakari kwenye duka lake la vifaa. Basi kazi hiyo ikaniangukia mimi, na hakuna aliyeniuliza kama naitaka.

"Jenipher," mzee akasema akiwa nje ya dirisha, "hebu niulizie tundu linatakiwa upana gani."

Mama Balta alikuwa hatua mbili kutoka kwake, ndani ya dirisha hilohilo, ameshika futi mkononi.

"Amekusikia, mzee," nikasema.

"Wewe niulizie tu, binti."

Nikageuza shingo. "Mama Balta, tundu upana gani?" Akanitajia vipimo huku anaangalia sakafu, nami nikavibeba hatua zile mbili mpaka dirishani. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mama mmoja akaambiwa na mwenzake aache, asije akajifungulia mapokezi.

Lakini mzee yule usimcheke kwa kazi yake. Ana pimamaji ya zamani, ile ya kiputo cha kupimia kama kitu kimenyooka, ameifunga kwenye fulana kama mtoto mchanga, na hajawahi kuacha kitu kimekaa kombo. Tena ana tabia moja ambayo niliiona tangu wiki ya kwanza. Vibarua wakipandisha tofali vibaya, hasemi. Anangoja waende kula, anabomoa ule mstari wa tofali, anaupanga upya, wakirudi wanaukuta umenyooka na wanadhani ni mikono yao. Siku moja nilimwambia, "Mzee, wewe unawadekeza hawa." Akanijibu, "Mtu mzima hakosolewagi mbele za watu. Unarekebisha ukuta, mtu unamwacha na heshima yake." Nikaona ni maneno mazuri sana, hata nyumbani nikaenda kuyarudia.

Kiyoyozi kilifungwa siku ya Jumamosi. Mama Balta alipomaliza kukaza skrubu alitoa kwenye mkoba chupa ya soda iliyojaa maji karibu mpaka shingoni, akailaza juu ya kasha, akainama kuitazama kwa jicho moja, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilidhani anataka kuipooza. Akakusanya vyombo vyake, akaniaga, akaondoka.

Jumatatu saa tatu, daktari alikuwa na mama mmoja kitandani, Rebeka, aliyetoka Mugango alfajiri. Tumbo liko wazi, mafuta yameshapakwa. Nikasikia daktari anapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Zima! Jenipher, zima umeme wa chumba hiki!"

Nilikimbia. Maji yalikuwa yanatoka kwenye uso wa kiyoyozi, yanateremka ukutani, yanatambaa sakafuni kuelekea waya wa ile mashine. Kiatu cha daktari kilikuwa kimeshalowa. Nilimshika Rebeka mkono akashuka, amejifunga kanga juujuu, ananiuliza, "Mtoto yuko sawa? Umeona kitu gani?" Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Ilibidi wote waliokuwa kwenye benchi waambiwe warudi siku nyingine. Mimi nilibaki na tambara, napiga magoti, najisemea kwamba mdomo ndio ulioniponza.

Mama Balta alifika kabla sijakamua tambara mara ya pili. Hakuomba maji ya kunywa. Alichomoa waya, akafungua uso wa kiyoyozi, akatoa chujio lake, akanionyesha. Lilikuwa limeziba, jeusi tii. Wikendi ile wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi, mji mzima ukawatema mate, na kiyoyozi kilikuwa kimewavuta kwa maelfu.

"Ndio hawa," akasema, na nikasikia pumzi yake ikishuka. "Hewa haipiti, baridi inagandaga ndani, ikiyeyuka maji inakosa pa kwenda."

Akaliosha chujio kwa sabuni, akalirudisha, akawasha. Tulikaa tumelitumbulia macho lile sanduku kama watu wanaongoja mgonjwa azinduke. Dakika ishirini, pakavu. Nikamshukuru Mungu na watakatifu wote. Nilipopita pale tena baada ya chakula cha mchana, sakafu ilikuwa inang'aa.

Jumanne alirudi na nadharia ya pili. Ndani ya kiyoyozi, chini kabisa, kuna sinia. Maji yote yanakusanyika pale na kutokea nyuma, kwenye kitundu kinachoelekea nje. Kitundu kikiziba, sinia linafurika. Alikwenda mpaka mlango wa nyuma ili akaangalie upande wa nje. Pale juu ya jukwaa akaona miguu ya mzee, anapiga lipu sentimita chache tu kutoka kwenye mgongo wa kiyoyozi. Akarudi ndani.

"Kwani akishuka dakika mbili atakufa?" nikamwuliza.

"Yuko kazini, Jenipher. Siwezi kumwambia baba mkwe ashuke nipite mimi."

Akaamua kufanyia kazi ndani. Aliivuta mashine yote kutoka kwenye kasha, kasha likabaki ukutani, yeye akaweka mashine sakafuni juu ya maboksi. Kwenye kitundu alitoa uji wa wadudu waliooza, harufu yake sitaisahau. Akasafisha kwa brashi ya meno, akapitisha waya, akamwagia maji ya moto. Kisha akaniomba, "Nenda nje unitazamie kasha limekaaje."

Nilikwenda. Mzee aliniona, akasogeza mwiko pembeni nipate kutazama. Kuzunguka kasha lile lipu ilikuwa imepigwa kwa mkono wa mtu anayejua, hakuna ufa, hakuna donge. Nikarudi nikasema, "Liko vizuri sana, tena safi." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Mama Balta akaitikia kwa kichwa, akairudisha mashine ndani ya kasha, akawasha. Baada ya saa moja tone la kwanza lilikuwa linaning'inia. Tulilitazama likinenepa mpaka likaanguka.

Jumatano daktari aliacha kupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alikuja, akaangalia ndoo niliyoweka chini ya kiyoyozi, akasema kwa upole, "Fundi, hii mashine siwezi kuiwasha karibu na maji. Rebeka amekuja tena leo, nimemrudisha tena. Kesho saa sita nataka jibu. Kama hakuna, Ijumaa nampandisha fundi Danford kutoka Mwanza, na za Bunda atafunga yeye."

Alipotoka, Mama Balta alikaa juu ya maboksi. Nilimletea chai na chapati, chai ikapoa, chapati nikaila mimi. Mikono yake alikuwa ameibana katikati ya magoti.

"Nimesafisha chujio," akasema, akihesabu kwa kunong'ona. "Nimezibua kitundu. Gesi ipo, baridi ipo. Feni inazunguka. Nimefungaga majokofu ya nyama yenye ukubwa wa chumba hiki, haijatokea. Jenipher, labda wale wanaume walikuwa wanasema kweli. Labda nilijifunza kwa kuchungulia tu."

"Acha ujinga," nikamwambia, lakini roho yangu ilikuwa juu. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimemwota daktari anaweka mtu mwingine kwenye kiti changu.

Jioni, wakati nafunga milango, mzee alikuwa anaosha mwiko bombani. "Mkamwana wetu bado anahangaika?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Kesho wanaweza kumnyang'anya kazi."

Uso ukamsawijika. "Maskini," akasema. "Na nilishamsaidia kwa upande wangu." Nikadhani anasema juu ya lile tundu la ukutani. Nikamwambia asante mzee, nikaenda zangu.

Alhamisi Mama Balta alifika saa moja na jagi la maji. Hakugusa spana. Alichomoa waya, akafungua uso wa kiyoyozi, akamimina maji taratibu kwenye lile sinia, akasogea nyuma kutazama. Maji yalikaa kidogo, kana kwamba yanafikiri. Halafu yakaja kwetu.

Alimimina tena. Yakaja kwetu tena.

"Jenipher," akasema bila kugeuka, "juzi nilikutuma nje. Ulisema liko vizuri. Vizuri vipi?"

"Vizuri! Lipu safi, na kasha limenyooka. Limenyooka hasa, ungeweka yai juu yake lisingebiringika."

Akageuka. Alitoa chupa yake ya soda kwenye mkoba, akailaza juu ya kasha, na kile kiputo cha hewa kikatembea kidogo, kikasimama katikati kabisa ya chupa. Hakikusogea tena.

"Sikuliacha hivi," akasema. "Nililiacha limelalia nje, upana wa kidole."

Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mjinga. Akanieleza. Kiyoyozi kinavuta unyevu wa chumba, unageuka maji, kama chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho mezani. Maji hayo hayana akili, yanafuata mteremko. Ndiyo maana kasha la dirishani halifungwi likanyooka. Linainamishwa nyuma kidogo sana, hata jicho lisione kwa haraka, ili maji yakatokee nje. Likinyooka, yanajaa sinia na kuja kuwasalimia wenye nyumba.

"Kwa hiyo kuna mtu amelinyanyua," nikasema.

Nje tulisikia mwiko wa mzee unakwangua ukuta, taratibu, kama kawaida yake. Yale maneno yake ya bombani, kwamba alishamsaidia, yalinirudia. Nikatoka mbio, nikainama chini ya kasha kwa nje, nikapapasa. Chini ya lipu nyembamba kulikuwa na mstari, na nilipoukwangua kwa ufunguo nikaona kabari ya mninga. Ilikuwa imepigwa randa pande zote na kulainishwa kwa msasa, ingawa hakuna mtu ambaye angekuja kuiona. Kibarua hawezi kufanya hivyo. Mzee alikuwa juu ya jukwaa, mgongo umenielekea, hakuniona.

Nilirudi ndani nafoka. "Ni baba mkwe wako! Siku nne tunapiga deki, Rebeka wa watu anakwenda na kurudi, kumbe ni mzee na kunyoosha kwake! Namwendea daktari sasa hivi."

Alinidaka mkono, na vidole vyake vina nguvu. "Usithubutu."

"Mama Balta, watakunyang'anya Bunda!"

"Nitamvuaje nguo baba yake Fredi mbele ya daktari? Aliniona nimekosea, akanifichia aibu. Halafu mimi nikamtangaze?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Jenipher, nakuomba. Hilo neno usilibebe."

Tulikuwa bado tumeshikana hivyo daktari alipoingia. Haikuwa hata saa tano.

"Vipi, fundi?"

Mama Balta aliachia mkono wangu, akasimama wima. "Nimeona, daktari. Kasha limekaa vibaya, halina mteremko wa nje. Nitalirekebisha leo hii."

"Nani alilikalisha vibaya?"

Wiki nzima nilikuwa mdomo wao, nimebeba vipimo, salamu, na mpaka swali la chumvi kwenye chakula. Sasa neno moja tu lilikuwa na maana, na nilikuwa nimeombwa nisilibebe.

"Ni mimi," Mama Balta akasema. "Kosa ni la kwangu."

Daktari alimtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Siku nne, fundi. Kosa la siku ya kwanza unaliona siku ya nne, na chumba kina akina mama wajawazito. Rekebisha hiki. Lakini Bunda siwezi kukupa."

"Sawa, daktari," akasema. Sauti haikutoka vizuri.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwiko ulikuwa umenyamaza. Dirisha la pili lilikuwa wazi. Tulisikia mbao za jukwaa zikilia, kisha hatua kwenye korido, na Mzee Wanzagi akasimama mlangoni, saruji mpaka kwenye viwiko, kofia mkononi. Mama Balta aliruka mpaka ukutani, akainamisha kichwa, akitafuta pa kupita. Pa kupita hapakuwepo.

"Daktari," mzee akasema, "kuna kabari chini ya ile kitu. Ni mkono wangu. Jumamosi, fundi alipoondoka, niliona imepinda. Nikasema ameteleza, ni ya kwanza kwake hapa, watamcheka. Nikainyanyua ikanyooka, nikapiga lipu juu. Sikutaka aaibike."

"Mzee, kwa nini hukumwuliza?"

Mzee alinitazama. Ni mazoea; alinitazama kama mtu anayetafuta daraja alilozoea kuvukia. Mimi nikainamisha macho. Sijui kama nilifanya vizuri. Nilikuwa nimechoka kuwa daraja.

Basi akageuka, polepole, akamwelekea yeye.

"Mama Balta."

Hata daktari, ambaye si mtu wa kwetu, alielewa kwamba kuna kitu kimevuka mahali ambapo huwa hakivuki.

"Mimi ndiye nimekuletea maji," mzee akasema. "Na umekubali kuibeba aibu yangu, nimesikia. Usiibebe. Sasa niambie mwenyewe: hii kitu inatakiwa kuinama kiasi gani?"

Mama Balta hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanaanguka kwenye viatu vyake vya kazi. "Upana wa kidole, baba," akasema.

Mzee alitazama mikono yake. "Kidole changu au chako?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na daktari akageukia ukuta mabega yanamcheza. Vidole vya mzee yule kimoja ni viwili vya mtu.

"Changu, baba," akasema Mama Balta, na sauti yake safari hii ilikuwa ya fundi.

Kazi haikuchukua hata saa moja. Mzee alitoka nje, akaitoa kabari kwa nyundo na patasi, kasha likarudi kulalia nyuma kama lilivyoachwa Jumamosi. Halafu alifungua ile fulana, akatoa pimamaji, akaja kuiweka juu ya kitanda cha wagonjwa, akarudi nyuma hatua tatu. Kupeana mkononi hawapeani. Mama Balta aliichukua kwa mikono miwili, akailaza juu ya kasha. Kiputo kilikimbilia upande wa ndani, kikasimama mbali na ile mistari ya katikati ambayo mzee ameiamini maisha yake yote. Akatafuta kalamu ya kuweka alama, kalamu ikakataa kushika kwenye kioo. Nikafungua pochi yangu nikampa rangi ya kucha, nyekundu. Akachora mstari mmoja mwembamba ukingoni mwa kiputo, akaupuliza ukakauka, akairudisha pimamaji kitandani.

Mzee aliitazama muda mrefu. "Kwa hiyo hapa ndipo pa kunyooka," akasema, sijui akimwambia nani, akaenda kupiga lipu upya.

Tukawasha. Saa saba sakafu ilikuwa kavu. Saa nane ilikuwa kavu. Nje mzee alikuwa ameweka kopo tupu la rangi chini ya kitundu, na tulisikia maji yakigonga bati: to, to, to. Daktari alikaa akiyasikiliza, mwisho akatoa simu akampigia Danford kwamba asisumbuke na safari. Kisha akamwambia Mama Balta, "Bunda mtakwenda wote wawili. Lakini kabla ya kufunga hata skrubu moja, mtaongea."

Rebeka alikuja Ijumaa. Mtoto amegeuka vizuri, kichwa chini.

Usidhani mila imevunjika. Jumatatu iliyofuata mzee alisimama nje ya dirisha, mkamwana wake akiwa hatua mbili ndani anakusanya vyombo, akaniita, "Jenipher, hebu niulizie Bunda tunaanza lini." Nikamwambia amekusikia, mzee. Akasema niulizie tu, binti. Nikageuza shingo, nikauliza.

Ila vibarua wa Bunda wananihadithia. Wanasema mzee akiwaazima ile pimamaji, lazima mmoja aulize mstari huu mwekundu ni wa nini, mbona uko pembeni, na mara moja mmoja alitaka kuukwangua kwa wembe akidhani ni uchafu. Mzee Wanzagi, ambaye hakosoi mtu mbele za watu, alimpigia kelele uwanja mzima ukasikia.

"Acha! Hapo ni pa mkamwana wangu."